Habari za komini na za kartie, tuzifikishe namna gani ku bantu bote ba avenyu?

Kijana_wa_avenyu (Lubumbashi)

Jambo bakubwa, jambo bandugu bote. Niko na swali na naomba munisaidie na mawazo ya kweli. Huku kwetu Lubumbashi, kartie sitaitaja jina, mu reyunyo ya avenyu bantu balinichagua miye na mama mumoya hivi ili tushugulikie mambo ya habari. Shefu wa avenyu amezeeka, magoti inamuuma, hawezi tena kutembea parsele kwa parsele kama zamani, na bantu banalalamika kama mambo ya kartie banayajua tu wakati yamekwisha kuamuliwa.

Nitoe mufano moya tu mujue ni kwa nini inaniuma. Kulikuwa kazi ya kupanua mufereji kando ya barabara. Komunike ilitoka, ni kweli ilitoka, ilibandikwa ku mulango ya biro, karatasi moya, Kifaransa tupu, muhuri ya bluu chini. Mvua ikapiga, wino ikatiririka, karatasi ikaanguka. Kisha asubui moya bantu banaamuka banakuta ku kuta zao musalaba ya rangi nyekundu. Kuna mama mujane mumoya, kibanda yake ya kuuzia makala na unga inaegamia ukuta yenye ilipigwa ile rangi, alisimama pale na mutoto mu mugongo anauliza kila mwenye anapita hii alama ni ya nini, nani ameiweka, na hakuna mwenye alimujibu ju hakuna mwenye alikuwa anajua. Nyuma njo tukasikia kama ile karatasi ilikuwa inasema bantu beko na muda ya kuleta malalamiko. Muda ilikuwa imekwisha.

Sasa grupe ya WhatsApp tuko nayo. Lakini asubui ni maombi, saa sita ni mama anauza samaki ya Kasenga, mangaribi ni picha za matanga na maodio ya politike yenye haijulikane nani ameisema, na katikati ya byote komunike ya kukatwa mayi inazama, hakuna mwenye anaiona. Na bale bazee na bamama benye beko na simu ya kubonyeza tu, bale habamo kabisa mu ile grupe.

Basi naomba: habari ya kweli tuitafute wapi, ku shefu wa kartie ao ku komini? Benye habana simu kubwa tubafikie namna gani? Na tufanye nini ili bantu basiseme kama tuko tunafanyia chama fulani kazi?

Agenti_wa_zamani

Mwanangu, nimefurahi sana kusoma hii. Nilifanya kazi mu biro ya komini miaka mingi, sasa niko pansioni, nitakuambia namna mambo inatembea ju bantu bengi banapoteza nguvu kwa kubisha ku mulango wenye hauko wenyewe.

Kartie haina bajeti yake. Kufuatana na sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008, ile namba 08/016, yenye iko na mamlaka yake na feza yake ni mji na komini, na kule inje ya miji, ku vijiji, ni sekta na shefuri. Kartie ni mukono wa serikali chini tu, shefu wa kartie anatekeleza, anaandika bantu, anapatanisha magomvi, anapandisha ripoti. Kwa hiyo ukimuuliza shefu wa kartie juu ya nini mufereji inapanuliwa na feza imetoka wapi, hata akiwa muntu muzuri, mara mingi yeye mwenyewe hajue. Muulize yeye mambo ya salongo (kazi ya kusafisha kartie pamoja), ya usalama, ya kuandikishwa. Mambo ya kazi na ya feza, panda ku komini.

Lubumbashi tuko na komini saba: Lubumbashi, Kenya, Kamalondo, Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe. Ku kila moya sheria inaweka watu ya namna mbili, konsey ya komini yenye inaamua na kupitisha bajeti, na burgumestre, ni kusema mukubwa wa komini, na bantu yake benye banatekeleza. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023, siku tulichagua raisi, tulichagua pia bakonseye ba komini. Bantu bengi balipiga kura na leo habajue hata sura ya ule balimupigia. Anza pale. Tafuta bakonseye ba komini yako, upate namba zao, uwaalike mu reyunyo ya avenyu, bakae ku kiti ya plastike kama bengine na basikie bantu. Hiyo haiko politike ya chama, ni kazi yao.

Na usiogope wakati unauliza. Katiba yetu, artikle ya 24, inasema kila muntu iko na haki ya kupata habari. Sisemi uende kupiga meza na artikle, hapana, hiyo inafunga milango. Lakini ujue ndani ya roho yako kama hauko unaomba zawadi.

Kitu ingine yenye inahusu mingi mukoa yetu. Kodi ya migodi, ile kampuni zinalipa juu ya madini yenye zinauzisha, sheria ya migodi ya 2018 inaigawanya hivi: 50% ku serikali kuu, 25% ku mukoa, 15% ku komini ao sekta ao shefuri yenye mugodi uko mu udongo yake, na 10% inawekwa ku mufuko ya bizazi bya kuya. Kama komini yenu iko na mugodi ndani, ile 15% ni habari ya kartie sawa vile habari ya mayi. Bantu bako na haki ya kujua imeingia ngapi na imejenga nini.

Mama_wa_Katuba

Baba agenti amesema vizuri lakini miye nitashuka chini kidogo, ju mwenye ameuliza amesema bamama habamo mu grupe na hapo njo pa kuanzia.

Mwanangu, usingoje bamama bakuye ku habari, fuata pale banasimamaka. Bamama ba Lubumbashi bote banapita ku mashini ya kusagisha mahindi, ju bukari haikosi mu nyumba hata siku moya. Pale tunapanga musururu, ndoo na mifuko chini, tunangoja kuranti irudie, na tunaongea. Sisi ku avenyu yetu tuliomba mwenye mashini nafasi ku ukuta yake, fundi mumoya akatupakia kipande ya rangi nyeusi, na tunaandika na choki. Maneno kidogo, herufi kubwa. "MAYI HAKUNA SIKU YA TANO ASUBUI MPAKA MANGARIBI." "CHANJO YA BATOTO SIKU YA PILI KU SANTE, BILA KULIPA." Inaandikwa Kiswahili, chini tarehe na nani ameleta habari. Mwenye mashini hakutuomba hata franga, ju bantu banakuya pale kusoma na banasagisha.

Kisha pa forage, kisima ya pompe, asubui mapema. Batoto babinti benye banachota mayi banabeba habari mbio kupita simu. Na siku ya yenga, ukipeleka karatasi yako mbele ya misa ao ibada, pastere na katekiste banaisoma ku matangazo, lakini peleka ku makanisa yote, Katolike, Metodiste, bale ba revey, na ku muskiti siku ya tano, ju ukipeleka ku moya tu watasema umechagua.

Na kuna bantu benye munabasahauka kila mara, ni bale reko ba sante, bantu ba avenyu benye banajitolea kwa kazi ya afya. Bale banapita parsele kwa parsele kwa ajili ya chanjo na kolera, banajua mulango gani iko na mugonjwa, gani iko na muzee anaishi peke yake. Kila eneo ya afya iko nao. Ukae nao chini, musifanye kazi mara mbili. Wakati kolera inatokea, habari ya kutia klore mu mayi ya kisima ikichelewa siku mbili, muntu anakufa, na ni mutoto mara mingi. Hapo njo unaelewa habari haiko jambo ya kujionyesha.

Mutoto_wa_Goma

Miye niko Lubumbashi sasa lakini nilikomalia Goma, na niruhusuni niseme kitu ju hii mambo ya habari sisi tuliilipa bei kali.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho mangaribi, Nyiragongo, ile volkano kando ya Goma, ilipasuka. Hakuna tangazo ilitangulia. Tuliona mbingu nyekundu njo tukajua. Bazee benye waliona ile ya mwezi wa kwanza 2002, wakati lava iliingia mpaka katikati ya mji, wale hawakungoja muntu aseme, walibeba matandiko na wakatembea. Sisi vijana tulibakia tunaangalia simu. Na mu simu mulikuwa nini? Odio. Moja inasema lava imefika uwanja wa ndege, ingine inasema ziwa Kivu itapasuka na gazi yake itaua kila muntu usiku, ingine inasema mupaka umefungwa. Kila odio muntu anatumia kwa sauti ya woga na hakuna jina.

Kisha tarehe 27, usiku wa kucha, guvernere akatangaza kama kartie 10 kati ya 18 za mji zinapashwa kutoka. Pale palikuwa tangazo wazi, na majina ya makartie. Lakini bantu bengi balikuwa banalala, na mwenye radio yake ilikuwa imezimwa aliijua kwa kelele ya jirani. Shefu wetu wa nyumba kumi alipita anagonga milango na jiwe mukononi, anataja jina ya kartie, anasema guvernere amesema, saa fulani, ku radio, tokeni kuelekea Sake. Niliona bantu benye walikuwa wanabishana tangu mangaribi wanakamata batoto na wanatoka bila neno. Walimuamini ju wanamujua, na ju alisema nani amesema na wapi.

Hiyo njo nakuomba ukamate. Kila habari yenye unatuma iwe na vitu vitatu hivi: nani ameamua, tarehe gani, imetangaziwa wapi. Kama moja inakosa, usitume, tafuta kwanza. Na muwe na mpango ya usiku tangu leo, wakati hakuna shida, nani anagonga milango ya upande gani kama kuranti imekatika na rezo haiko. Huku hakuna volkano, lakini mafuriko iko, moto iko, waya ya kuranti inaanguka.

Fundi_kuranti

Mama wa Katuba nakuheshimu lakini sikubali tuache simu nyuma. Ubao ya choki ni mizuri kwa mwenye anapita pale, mimi natoka saa kumi na moja asubui narudi usiku, sipite ku mashini hata mara moya. Kijana, fanya grupe mbili. Moya ya matangazo tu, uifunge, ni nyiye wawili na shefu tu benye banaandika. Ingine ya kuongea, pale bauze samaki na baombe. Bantu banakasirika siku za kwanza, banasema munabafunga kinywa, kisha banazoea ju banaona kama ile ya kwanza ikilia ni kitu ya maana. Usitume kila siku. Na usitume odio ya dakika kumi, mega (interneti ya simu) inalipiwa, andika mistari mitatu na upige picha ya komunike yenyewe yenye muhuri uonekane.

Na kuhusu chama: usikubali franga ya mega kutoka kwa muntu yeyote mwenye anataka kiti. Nimeona grupe moya nzuri ya kartie ikikufa hivyo, dipite (mubunge) fulani akaanza kulipia, mwezi moya nyuma kila tangazo ilikuwa inaanza na jina yake na picha yake, bantu bakatoka moya moya. Mukotize kidogo kidogo ku avenyu, na feza yenye imeingia na yenye imetoka muiandike mu daftari yenye kila muntu anaweza kufungua.

Mama_wa_Katuba

Fundi, sikusema tuache simu. Nasema kama ukianza na simu, bale bengine utabakumbuka nyuma, na nyuma haifikake.

Kijana_wa_avenyu

Aksanti bakubwa, aksanti sana kwa kweli. Nimesomea shefu yote hii jana mangaribi, amesikiliza mpaka mwisho. Mwenye mashini yetu tumekwisha kumuona, amekubali ukuta ya upande wa barabara, yenye haipigwe na mvua sana. Grupe tutaigawanya kama fundi anasema. Na ile mama tulichagua pamoja ataona bareko ku sante.

Kitu moya inabaki. Yule mama mujane wa makala, ule musalaba uko ku ukuta mpaka leo. Tunataka kupanda ku komini tuulize kama malalamiko inaweza kupokelewa bado. Baba agenti, tuende namna gani ili basiturudishe ku mulango?

Agenti_wa_zamani

Musiende na maneno ya kinywa tu. Muandike barua fupi kwa burgumestre, museme wazi komunike ilibandikwa wapi na namna gani bantu habakuiona, muweke jina ya avenyu na namba ya parsele zenye zimepigwa alama, bantu ba zile parsele basinie bote, na shefu wa avenyu asinie pia. Kopi moya kwa konseye wenu. Muipige mara mbili: moya inabakia ku sekretaria, ingine bapige muhuri ya kupokea na tarehe, murudi nayo. Bila ile muhuri, kesho watasema barua haikufika. Muende asubui siku ya kazi, bantu wawili ao watatu, musiende avenyu nzima, na yule mama mwenyewe awe ndani. Aseme yeye.

Kisha jibu, hata kama ni baya, muandike ku ukuta ya mashini siku ile ile.