"Stock up on", "load up on" au "fill up": ipi umwambie mgeni kabla ya kupanda mlima?

Kibo_Gaidi: Wakuu, habari za jioni. Naongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Machame. Kwenye maelezo ya usiku wa mwisho hapa Moshi nataka kuwahimiza wanunue vya kutosha mapema: betri za taa ya kichwa, chokoleti, mafuta ya kujikinga na jua. Ukishapita geti hakuna duka. Wenzangu wanasema "fill up", wengine "load up on", mimi nimezoea "stock up on". Ipi inakaa vizuri?

Ticha_Majengo: Yako ndiyo yenyewe. "Stock up on" inabeba mambo mawili kwa pamoja: kununua kwa wingi na kuweka akiba ya siku za mbele. "Stock up on batteries in Moshi, there are no shops after the gate." Mwingereza na Mmarekani wote wataielewa. Ila hiyo "on" usiiache! "Stock up batteries" nakutana nayo sana kwenye matangazo ya safari, na si sanifu. Waingereza husema pia "stock up with". Kama hutaji kitu, "Stock up tonight" inatosha.

Porini_Arusha: "Fill up" ni ya chombo, mkuu. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, hakuna maji, wapagazi wanayabeba kutoka bonde la Karanga. Kwa hiyo pale Karanga ndipo pa kusema "Fill up your bottles", au "Fill them up". Ukisema "stock up on water" kule juu, mgeni atatafuta duka liko wapi.

MamaDuka_Mbuyuni: Vijana wa kizungu wanaokuja dukani kwangu wanasema "load up on", tena wamekumbatia biskuti. Mwalimu, wanakosea?

Ticha_Majengo: Hawakosei, mama. Ni ya mazungumzo zaidi, na inapenda kukaa kwenye kula au kujibebesha kwa wingi. "Load up on carbs before summit night": kwa sahani ya wali na viazi kabla ya kuanza kukitafuta kilele cha Uhuru, mimi ningechagua hiyo. Kwenye barua pepe ya kampuni rudi kwenye "stock up on".

Kibo_Gaidi: Na "hoard"?

Porini_Arusha: Achana nayo kabisa. Ina lawama ndani yake. Hiyo ni ya mfanyabiashara anayeficha sukari ili ipande bei. Mgeni utamuudhi bure.

Kibo_Gaidi: Shukrani sana. Kundi la Ijumaa nawaandikia hivi: "Please stock up on snacks and batteries in Moshi. You can fill up your bottles at Karanga."

Ticha_Majengo: Safi. Weka "spare" kabla ya "batteries". Baridi ya Barafu inamaliza chaji haraka, na usiku ule taa ikizima ni shida.