Odysseus: shujaa, au nahodha aliyerudi peke yake?

Kalamu ya Pwani
Wadau, nasoma Odyssey, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer. Odysseus aliondoka vitani Troya na merikebu 12. Kwao Ithaca alifika peke yake, tena kwa kuletwa na meli ya watu wengine. Kila msimulizi humwita shujaa. Mimi nasema aliponza watu kwa mdomo wake. Walikuwa wameshaponyoka pango la Polyphemus, lile jitu la jicho moja lililokula wenzao sita. Wako majini, wenzake wanamsihi anyamaze, yeye kasimama anapaza sauti: jina lake, la baba yake, na kwao ni wapi. Jitu likapata jina la kumshitakia baba yake Poseidon, mungu wa bahari. Mnasemaje?

Msomi Huru
Rudi mwanzo wa utenzi. Mistari ya kwanza kabisa inasema alihangaika kuwaokoa wenzake akashindwa, wakaangamia kwa upumbavu wao wenyewe, walipokula ng'ombe wa Helios, mungu wa jua. Na walikuwa wameapa kutowagusa! Mabaharia ndivyo walivyo, tumbo kwanza akili baadaye. Nahodha alaumiwe kwa lipi?

Baharia Mstaafu
Eti tumbo kwanza akili baadaye. Ndugu, umewahi kushinda njaa melini? Mimi nilikwama nangani miezi mitatu nje ya bandari moja ya Ghuba. Mwenye meli hapokei simu, mchele umekwisha, maji tunapimiana kwa kikombe. Watu wazima walilia mbele yangu. Usitutukane kwa ajili ya kitabu.

Msomi Huru
Pole kwa yaliyokupata, sikukulenga wewe. Lakini nyinyi hamkuvunja kiapo.

Baharia Mstaafu
Kwa sababu samaki walipatikana. Ndoano ndiyo iliyotuokoa, si uchamungu.

Kalamu ya Pwani
Na wale nao walianza kwa ndoano, mzee wangu. Upepo uliwafungia kisiwani mwezi mzima, chakula cha melini kikaisha, wakawa wanavua samaki na kukamata ndege. Ng'ombe walichinjwa nahodha alipokwenda kuomba dua akapitiwa na usingizi.

Mjukuu wa Nahodha
Haki isemwe basi. Kisiwa kile Odysseus alitaka wakipite. Eurylochus, mmoja wa wenzake, ndiye aliyeng'ang'ania washuke, watu wamechoka. Hilo mbona hulitaji?

Dada wa Malindi
Mnagombania ng'ombe, na watu wengi hata kisiwa hicho hawakukiona. Merikebu 11 ziliishia wapi?

Mjukuu wa Nahodha
Si Poseidon alizizamisha kwa dhoruba? Mtu kahangaika baharini miaka kumi, mnataka nini zaidi?

Dada wa Malindi
Hapana. Ziliishia kwa Laestrygonians, majitu yanayokula watu. Bandari yenyewe imezungukwa na majabali, mlango wake mwembamba. Merikebu 11 ziliingia ndani zikafungwa pamoja, yake aliifunga nje, mwambani. Mawe yalipoanza kuporomoshwa, akachomoa upanga akakata kamba akaenda zake. Na hiyo miaka kumi, saba alikuwa kisiwani kwa Calypso, mungu wa kike, na mmoja kwa Circe, yule mchawi.

Mjukuu wa Nahodha
Nilijua tutafika kwa Calypso. Wanawake mkishika hadithi hii hamwoni kingine. Mwanamume alizuiwa kule!

Dada wa Malindi
Nimetaja merikebu 11, umejibu Calypso. Nani asiyeona kingine?

Msomi Huru
Kwa Calypso alikuwa akishinda ufukoni akilia, utenzi unasema macho yake hayakukauka. Tumheshimu kwa hilo.

Dada wa Malindi
Kwa Calypso, sawa. Ule mwaka wa Circe je? Wenzake ndio waliomkumbusha kwamba ana kwao.

Kalamu ya Pwani
Msomi, nirudi kwenye lile neno lako, upumbavu. Neno hilohilo la Kigiriki Eurylochus alimtupia Odysseus usoni walipokuwa kwa Circe: wenzetu wa pangoni walikufa kwa upumbavu wa huyu. Odysseus akafikiria kumkata kichwa. Na visa vya jitu, vya Circe na vya ng'ombe, vitabu vya 9 hadi 12, vyote anavisimulia mwenyewe, karamuni kwa Wafeaki, wale watu waliomleta hatimaye, akitafuta meli ya kumrudisha kwao. Shahidi mwingine hakubaki hata mmoja.

Msomi Huru
Kama anajisafisha, kwa nini ameyasimulia hayo ya Eurylochus? Na mfikirieni Elpenor, kijana aliyelala darini kwa Circe amelewa, akaanguka akavunjika shingo, wakaondoka bila habari. Roho yake ilipomwomba mazishi huko kuzimu, Odysseus aligeuza meli, akarudi kisiwani, akamchoma moto kwa heshima, na juu ya kaburi akamsimikia kasia lake. Nahodha asiyejali watu angerudi?

Baharia Mstaafu
Hapo kwenye kasia umenigusa, sina neno. Kumrudia maiti mmoja ni jambo kubwa, nimeona manahodha wasiorudia hata aliye hai. Ila wale wa merikebu 11 walichomwa mikuki kama samaki, wakabebwa kwenda kuliwa. Wao kasia lao lilisimikwa wapi?