Mke na mume, siku 14 Malawi kwa mabasi na boti: ramani hii inawezekana?

Kitulo84 aliuliza:

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunapanga likizo ya siku 14 Malawi, mwezi wa saba, tunaanzia Mbeya na kurudi Mbeya. Hatuna gari. Tutapanda mabasi, na boti pale inapobidi, tukilala nyumba za wageni za kawaida. Nimechora hivi: Karonga, Livingstonia, hifadhi ya Nyika, Nkhata Bay, kisiwa cha Likoma kwa meli ya Ilala, Lilongwe, Cape Maclear, Zomba, tumalizie Mlima Mulanje.

Je, vyote vinaingia? Fedha tubebe ipi? Ilala ni ya kutegemea? Na kichocho kwenye ziwa, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake. Tunakula halali, kwa hiyo na hilo naomba mwongozo.

Mwenda_Nchi_Kavu alijibu:

Karibuni, wewe na shemeji. Nianze na ramani: haiingii. Mpaka wa Songwe uko kichwani kabisa mwa nchi na Mulanje iko mkiani, na kwa kuwa mnarudia Mbeya mtaikata nchi mara mbili. Minibasi za Malawi hazina saa ya kuondoka, zinaondoka zikijaa. Kipande cha kilomita 200 hula siku nzima mkianza kwa kuchelewa.

Kata Mulanje na Zomba, muyawekee safari yake. Kilele cha Sapitwa ni mita 3,002, na kukipanda bila kukimbizana kunataka siku 3 mlimani, mbali na siku za kufika na kutoka. Kata na Nyika. Haina usafiri wa umma, barabara ya kwenda Chelinda, kambi ya wageni iliyo ndani yake, inataka gari la juu, na mwezi wa saba usiku hupiga baridi hadi jalidi inalala kwenye nyasi. Bila gari mtatumia siku 2 mkitafuta lifti tu.

Kinachobaki ni ziwa, na ziwa ndilo linalowapeleka Malawi. Siku ya 1 Mbeya hadi Karonga. Siku ya 2 asubuhi makumbusho ya Karonga, pale kuna mfano wa mifupa ya dinosaria Malawisaurus aliyechimbwa wilaya hiyohiyo. Karonga ndiko alikokuwa Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa watumwa aliyepigana na Waingereza kuanzia 1887 hadi aliponyongwa 1895, kwa hiyo Mswahili ana mengi ya kusoma kwenye zile kuta. Mchana shukeni Chitimba. Mkitoka Karonga kaeni upande wa kushoto wa gari, ziwa liko huko.

Siku ya 3 na ya 4 ni za Livingstonia. Kutoka Chitimba ni kama kilomita 15 za vumbi na mawe, zenye kona kali 20 zinazorudi zenyewe. Magari ya kupandia ni machache. Kuna matola, yaani pikapu zinazobeba watu kwa nauli, na pikipiki, ambazo kule huitwa kabaza. Pikipiki mbili kwa watu wawili, msipande mshikaki kwenye kona zile. Mabegi makubwa yaacheni Chitimba mnapolala, pandeni na begi dogo lenye sweta. Mkiamua kutembea, tengeni saa 4 hadi 5 na muanze kabla jua halijachomoza vizuri. Maporomoko ya Manchewe, kama mita 125, yapo kabla hamjafika misheni, kwa hiyo yaoneni mkiwa njiani.

Siku ya 5 teremkeni na mwende Mzuzu, barabara inapanda ukingo wa bonde pale Chiweta. Mzuzu lala usiku mmoja tu: benki, soko, kahawa. Siku ya 6 hadi ya 8 Nkhata Bay, kilomita kama 50 kutoka Mzuzu. Siku ya 9 fuateni barabara ya mwambao, Nkhotakota hadi Salima. Ya 10 na ya 11 Cape Maclear. Ya 12 Lilongwe. Ya 13 basi kubwa la alfajiri kwenda kaskazini, ya 14 nyumbani. Hapo hamjaacha hata siku moja ya akiba, ndiyo maana sikubali kuongeza kitu.

Songwe_Asubuhi alijibu:

Naongezea ya mpakani na ya fedha, maana hapo ndipo wengi wanaumia.

Coaster za Kyela zinatoka stendi ya Nane Nane. Uliza kabla hujakaa kama inafika Kasumulu yenyewe, yaani mpakani upande wetu, au inawashusha njia panda mmalizie kwa bodaboda. Kumbuka Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja: saa nne kwetu ni saa tatu kwao. Wakati wa kwenda mnaipata saa hiyo, wakati wa kurudi mnaipoteza, na ndiyo inayowafanya watu wachelewe gari la mwisho upande wetu.

Mtanzania haombi viza. Gongeni muhuri wa kutoka kwetu, kisha wa kuingia kwao, na kabla hamjaondoka dirishani someni siku mlizoandikiwa kwenye muhuri. Zikiwa pungufu, hapohapo ndipo pa kurekebisha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, siyo chini ya begi.

Wabadilisha fedha watawazunguka. Mchezo wao ni mmoja. Anahesabu mbele yako, anakupa uhesabu, unakuta noti moja imepungua. Anaomba radhi, anachukua bunda lote, anaongeza ile noti juu huku akivuta kadhaa chini kwa kidole cha mwisho, anakurudishia. Kwa kuwa umeshahesabu, huhesabu tena. Kanuni ni hii: bunda likishaingia mkononi mwako halirudi kwake. Noti iliyopungua aiongeze mkononi mwako. Akikataa, mrudishie zote, chukua shilingi zako, ondoka. Mmoja wenu ahesabu, mwingine ashike mabegi na asiongeleshwe na mtu. Badilisheni pale kiasi cha kufika Karonga na kulala tu, mengine benki au duka la fedha lenye leseni.

Shilingi yetu inakubalika Karonga, ukifika Mzuzu inaanza kuwa karatasi. Bebeni dola, noti safi za toleo jipya, zisiwe na wino wala mkunjo uliokatika. Kwacha imeshushwa thamani mara kadhaa, kwa asilimia 25 Mei 2022 na kwa 44 Novemba 2023, na bei ya dola ya benki iko mbali na ya mtaani. Kubadilisha mtaani ni kosa kisheria, na noti bandia zinapitia hukohuko. Ila mjue kwamba kila mnapolipa kwa kadi mnakatwa kwa bei ya benki, kwa hiyo chumba kilekile kwa kadi kinaweza kuwa ghali kuliko kwa taslimu. ATM zina kikomo kidogo kwa kila mara, na mwisho wa mwezi foleni ni ndefu. Toeni fedha Mzuzu. Cape Maclear fikeni na taslimu ya siku zote za pale, na ziada ya siku 2.

Uhaba wa dola unaleta uhaba wa mafuta. Vituo vikikauka, nauli za minibasi hupanda siku hiyohiyo. Ulizeni nauli kwa abiria aliyeketi, siyo kwa mpiga debe.

Lugha isiwatishe. Kingonde cha Karonga ni ndugu wa Kinyakyusa, "ndaga" inaeleweka kama shukrani. Kuanzia Rumphi na Mzuzu semeni "yewo", kuanzia Nkhotakota kushuka semeni "zikomo".

MamaUsipa alijibu:

Mimi nazungumzia maji.

Mwezi wa saba ni msimu wa mwera, upepo wa kusini-mashariki, huohuo tunaouita kusi pwani. Ukianza hupiga siku kadhaa mfululizo na ziwa linainuka kama bahari. Si maneno ya kutisha watoto: Askofu Chauncy Maples wa misheni ya Likoma alizama 1895 chombo chake kilipopinduka kwa dhoruba, na kaburi lake lipo Nkhotakota. Kwa hiyo kuhusu Ilala, msiifanye nguzo ya safari. Ni meli ya miaka ya 1950, ikiwa kazini hufanya mzunguko mmoja kwa wiki kati ya Monkey Bay na kaskazini, na mara nyingi huwa matengenezoni. Mkifika Nkhata Bay nendeni gatini muulize, siyo hotelini. Ikiwepo, chukueni nafasi ya sitaha ya juu. Chini kuna mizigo, dagaa na joto. Bebeni blanketi, usiku upepo unakata. Likoma kwa miaka mingi haikuwa na gati la kuifunga, ilitia nanga mbali na ufuo na abiria walishukia mashua ndogo, kwa hiyo ulizeni kama bado ni hivyo. Simu na pasipoti zifungeni ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla hamjasimama mlangoni.

Boti za mbao za kwenda Likoma zipo. Zinajazwa kupita kiasi na hazina jaketi za kuokolea za kuwatosha watu wote. Kwa mwera wa Julai sizishauri hata kidogo. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa 1903, ni zuri kweli na linastahili safari, lakini kwa wiki mbili zenu Likoma iwe bahati ikitokea.

Kichocho kipo, mkichukulie hivyo. Kuepuka matete na maji yaliyotuama karibu na vijiji kunapunguza, hakuondoi, kwa sababu upande wa kusini kuna konokono wanaoishi hata kwenye mchanga wazi. Cape Maclear ndiko hatari zaidi. Ogeleeni kutoka kwenye boti, kwenye miamba yenye kina, na mjifute kwa taulo mara mkitoka. Kisha mezeni praziquantel, na hapa ndipo watu wanapokosea: wanameza siku wanayorudi. Dawa inaua minyoo waliokomaa, wachanga haiwawezi. Subirini wiki 6 hadi 8 tangu siku ya mwisho kuingia majini. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, vidonge ni vya 600. Mwenye kilo 60 anahitaji 2,400, yaani vidonge 4. Mwenye kilo 75, vidonge 5. Mezeni baada ya kula. Kama shemeji ni mjamzito au ananyonyesha, aanze kwa daktari.

Malaria msiisahau kwa kuhofia kichocho. Wamisionari wa Kiskoti walianza Cape Maclear 1875, wakahamia Bandawe 1881, wakaishia kupanda Livingstonia 1894, na makaburi yao yako sehemu zote mbili za mwanzo. Wamekimbia homa. Chandarua kikaguliwe matundu mchana, siyo mkishazima taa, na umeme wenyewe hukatika.

Chakula: nsima ni ugali mwepesi kuliko wetu, Nkhata Bay mtapewa kondowole, wa muhogo, mzito na wa kuvutika. Usipa ni dagaa wa ziwa, kampango ni kambale mkubwa mtamu wa kuchoma. Samaki haina shida ya halali. Nyama kuleni Nkhotakota, Salima na kwenda Mangochi, kuna Waislamu wengi. Nkhotakota ndiko alikoweka makao Jumbe, mfanyabiashara na mtawala Mwislamu Salim bin Abdallah, karne ya 19. Shemeji abebe kanga mbili, zinatosha ufuoni na vijijini.

Kitulo84 aliuliza tena:

Asanteni sana, nimekata Nyika, Zomba na Mulanje. Likoma nimeiacha kwenye mabano. Salima kwenda Cape Maclear tunabadilisha gari wapi? Na kuna cha kuona njiani?

Mwenda_Nchi_Kavu alijibu:

Salima hadi Golomoti, Golomoti hadi Monkey Bay, halafu matola au kabaza hadi kijiji cha Chembe, ndiyo Cape Maclear yenyewe. Vipande vitatu, kwa hiyo muwe mmeondoka Salima kabla ya saa mbili asubuhi. Kati ya Salima na Golomoti shukeni misheni ya Mua. Makumbusho yao yana mamia ya vinyago vya Gule Wamkulu, ngoma ya jadi ya Wachewa, na mwongozaji anaeleza kila kimoja kinamsema nani. Tengeni saa 2. Mchezaji aliyevaa kinyago mkimkuta barabarani msimpige picha bila ruhusa.

Cape Maclear ni eneo la hifadhi, kiingilio kinalipwa, daini risiti. Anayekuja na boti ufuoni mpatane bei yote, mafuta na miwani ya kuogelea ndani yake, na mlipe mkisharudi. Mbuna, wale samaki wadogo wa buluu na njano, wanaonekana vizuri Otter Point asubuhi kabla upepo haujachafua maji.

Songwe_Asubuhi alijibu:

Mawili ya mwisho. Tarehe 6 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Malawi, benki zinafungwa, na kwetu inafuata Sabasaba. Msipange kutoa fedha wala kuvuka mpaka siku hizo mbili. Na mnaporudi, toeni mifuko yote ya plastiki mliyofungiwa dukani kabla ya kuvuka daraja la Songwe. Kwetu imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Kahawa ya Mzuzu haina shida, ihamishieni kwenye kikapu.