Datsun ya babu haitaki kushuka resi

*Kikundi: UKOO WA TABATA 🏡*

*Idi:* Shikamooni wakubwa. Jamani Datsun ya marehemu babu imeanza tena. Asubuhi inakaa sailensa (inanguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) vizuri tu ila ikishapata moto ukiachia mafuta inabaki inalia huko kwenye resi 2000 (mizunguko ya injini kwa dakika) kama ndege inataka kuruka, inakaa weee ndo inashuka. Jana foleni ya Mwenge watu wote wananigeukia mimi

*Beka:* 😂😂 bodaboda wamejua unawatafutia ligi

*Shangazi Mwana:* Marahaba. Uza hilo gari Idi

*Bamdogo Hamisi:* Marahaba mwanangu. Kuna fundi kaigusa?

*Idi:* Kaigusa juzi bamdogo. Kashusha skrubu za sailensa mpaka ikatulia nikampa elfu 30 yake. Kesho yake asubuhi nawasha inazima, nawasha inazima. Nikachukua bisibisi nikazirudisha juu mwenyewe, tukawa palepale

*Bamdogo Hamisi:* Sasa hapo ndo alipokupiga. Kashusha skrubu wakati vipepeo vya kabureta (vile vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa) havijafunga vizuri, gari ikapoa vikafunga vyote, skrubu ishakuwa chini hakuna hewa ya kuishikilia injini, lazima izime. Skrubu ni kitu cha mwisho kabisa kugusa, kwanza ujue nani anashikilia resi

*Beka:* Si uweke injini ya IST tu bro

*Bamdogo Hamisi:* Wewe Beka nyamaza. Hiyo ni 240Z, silinda 6, cc 2393. Ilichukua Safari Rally 1971, ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta mtoto wa kuzaliwa Uganda hapo, tena 1973 alimaliza pointi sawasawa na dereva mwenzake Källström naye yuko kwenye Datsun. Ukiitia injini ya IST babu yako atafufuka

*Shangazi Mwana:* Atafufuka aje alipe na mafuta yake. Jamani mchango wa shughuli bado watu 6 hawajatuma nawaona tu mnasoma

*Idi:* Natuma jioni shangazi 🙏 Bamdogo nianzie wapi

*Bamdogo Hamisi:* 🎤 Sauti 1:48

*Idi:* Bamdogo niko kazini siwezi kusikiliza niandikie

*Bamdogo Hamisi:* Haya. Hiyo gari haina waya wa mafuta, ina fimbo toka kwenye pedali mpaka kwenye kabureta. Kuna vifimbo 2 vifupi vina vichwa vya goroli, kila kimoja na kabureta yake. Endesha mpaka ipate moto ianze ugonjwa wake, halafu chomoa hivyo viwili ikiwa inaunguruma. Resi ikidondoka hapohapo ujue fimbo ndo zinakwama au springi ya kurudisha imechoka. Ikibaki juu tafuta hewa ya wizi, yaani inayopenya kuingia kwenye injini mahali isipotakiwa. Ikikosekana hewa tutahamia kwenye disibuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, kuna vyuma vya kusogeza moto ndani vikiganda wazi nako resi haishuki

*Idi:* Hewa ya wizi naitafutaje, nipulize ile sprei ya kusafishia kabureta?

*Bamdogo Hamisi:* WEE usithubutu. Hiyo injini kabureta na eksozi ziko upande mmoja, eksozi iko chini yake kabisa inawaka, unapuliza kitu cha kulipuka juu yake?? Tumia maji, ile chupa ya kunyunyizia ya saluni. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye gasketi za manifodi, mpira unaoenda kwenye servo ya breki (ile inayosaidia kukanyaga breki), na pale mhimili wa kipepeo unapoingia kwenye kabureta kulia na kushoto. Ukisikia injini inabadilisha sauti umempata mwizi

*Idi:* Na mbona asubuhi haina shida

*Bamdogo Hamisi:* Asubuhi umevuta choki, mafuta ni mengi, hewa ya wizi inamezwa humo humo

*— Jumamosi —*

*Idi:* Ripoti. Nimechomoa vifimbo, resi imetoka 2000 ikashuka mpaka 1200 ikagoma hapo

*Bamdogo Hamisi:* Basi una magonjwa mawili

*Idi:* Goroli moja imekauka ina kutu na vumbi la miaka, nimeisafisha nikapaka mafuta. Halafu maji, gasketi kimya, mpira wa breki kimya, kabureta ya nyuma kwenye mhimili tu injini ikakohoa ikashuka. Nikaushika kwa mkono unacheza kabisa kama jino bovu

*Bamdogo Hamisi:* Hahaa. Peleka Gerezani kwa fundi wa leth (mashine ya kuchonga vyuma) akutengenezee bushi za shaba, tengeneza za kabureta zote mbili usiwe bahili. Ukishafunga mwaga mafuta ya kwenye vile vichupa vya juu ya kabureta utie SAE 20, maana siamini huyo fundi wako alitia nini. Inua pistoni ya kabureta kwa kidole uiachie, lazima ianguke ikagonge tok

*Shangazi Mwana:* Nani kachukua chupa yangu ya maji hapa saluni nina mteja kichwani

*Beka:* 👀👀

*— Alhamisi —*

*Idi:* Bushi tayari. Nati za mchanganyiko wa mafuta na hewa nimezipandisha mpaka juu nikazishusha mizunguko 2 na nusu kama ulivyosema kwenye simu, nimeweka kipira sikioni nikasikiliza kila kabureta mpaka zinavuta sauti sawa, ndo nikagusa skrubu. 750!! Unapiga resi unaachia inadondoka yenyewe. Nimetoka nayo Tabata mpaka Kigamboni na kwenye foleni ya pantoni haijazima hata mara moja

*Bamdogo Hamisi:* Tuma sauti

*Idi:* 🎤 Sauti 0:26

*Bamdogo Hamisi:* Safi. Ila nasikia kama silinda moja inamisi kwa mbali, angalia plagi namba 6

*Idi:* 🙆🏾‍♂️

*Shangazi Mwana:* Idi hiyo chupa imerudi inanuka petroli. Kesho saa 1 asubuhi unipitie na hilo gari lako twende Kariakoo kuchukua vitenge vya shughuli

*Idi:* Si ulisema niuze shangazi

*Shangazi Mwana:* Saa 1. Na mchango wako sijauona