Kuungua mkono wakati wa kutiwa dawa ya usingizi: hadi lini tutaambiwa "ni kawaida"?

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira. Wiki mbili zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali ambayo sitaitaja. Kanula, yaani kile kijirija cha kupitishia dawa mshipani, ilichomekwa kwenye mgongo wa kiganja cha kushoto, na ile dawa nyeupe kama maziwa, propofoli, ilipoanza kuingia, nilihisi kana kwamba uji wa moto unamiminwa ndani ya mshipa, ukipanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Nilipiga kelele na kuuvuta mkono. Muuguzi aliukandamiza akisema, "Tulia mzee wangu, ni kawaida." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kabla ya kupoteza fahamu.

Ni kawaida kweli, na ndiyo maana nimekasirika. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 177 ya wagonjwa zaidi ya 25,000, uliobainisha kuwa wagonjwa wapatao 6 katika kila 10 huumia wanapodungwa dawa hii bila kukingwa. Uchambuzi huohuo ulitaja njia mbili zinazofaa kuliko zote: kuitia dawa kwenye mshipa mnene wa mbele ya kiwiko, au, ikiwa hakuna budi kutumia mshipa mwembamba wa kiganja, kufunga mkono kwa mpira, kutanguliza lignokaini, kusubiri kidogo, kisha kuufungua na kuendelea. Lignokaini ni dawa ileile ya ganzi tunayochomwa tukienda kung'olewa jino! Wala kusubiri huko hakuzidi dakika chache.

Ninaelewa kwamba katika dharura, pale maisha ya mtu yanapoponyoka, hakuna nafasi ya hayo. Upasuaji wangu ulipangwa mwezi mzima kabla. Mtaalamu wa usingizi alinijia wodini jioni, akaniuliza habari za pumu, mzio na meno ya bandia, lakini hakutamka lolote kuhusu maumivu hayo, ilhali hata kuonywa tu kungenipunguzia hofu. Sasa mke wangu, ambaye naye amepangiwa upasuaji mwezi ujao, ameniona mkono na kusikia kisa changu, na anasema hatakwenda.

Wataalamu wa usingizi mliomo humu, naomba jibu la wazi: lignokaini haipo katika vyumba vyenu vya upasuaji, au ipo na hamwoni haja ya kuitumia?