Naomba ushauri: kumtafsiri Sayaka Murata kwa Kiswahili

Habari zenu wakuu. Nimesoma tafsiri ya Kiingereza ya "Konbini Ningen", riwaya ya Sayaka Murata wa Japani iliyoshinda Tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi ya huko, mwaka 2016, na imenikaa moyoni. Natamani kuitafsiri kwa Kiswahili.

Murata, aliyezaliwa 1979, aliuza dukani kwa miaka mingi huku akiandika. Hata tuzo ilimkuta bado ni muuzaji. Ndiyo maana duka lake kitabuni lina uhai. Keiko, mhusika mkuu, ana miaka 36, na 18 kati ya hiyo ameimalizia dukani. Hana mume, na watu hawamwachi apumue. Dada zangu wawili huulizwa maswali yaleyale kila tukienda harusini. Nataka waisome kwa lugha yao.

Nimekwama kwenye maneno. Konbini niite nini? Ni duka dogo la saa 24, linauza hadi chakula cha moto na kupokea malipo ya bili. "Duka la Mangi" lina joto la kujuana ambalo pale halipo. "Supamaketi" ni kubwa mno. Halafu kuna "irasshaimase", salamu ya kumkaribisha mteja. Nikiandika "karibu" tu, msomaji atangoja mteja aitikie "asante", wakati ile husemwa bila kutarajia jibu.

Je, nitafsiri kutoka Kiingereza, au nitafute mwenzangu anayejua Kijapani? Na ruhusa naanza kuiomba kwa mchapishaji au kwa wakala wa mwandishi? Aliyewahi kupita njia hii anielekeze, tafadhali.