Seva ya ofisi: kubekapu diski nzima au vilivyo muhimu tu?

kijana_wa_tudor
Asalaam aleikum wakubwa zangu. Nimekabidhiwa seva ya ofisi ya uwakala wa forodha hapa Moi Avenue, Mombasa. Inaendeshwa na Debian (aina ya Linux), imejaa kama GB 180. Ndani mna databesi mbili, MariaDB ya ankara na PostgreSQL ya programu ya kufuatilia makontena, tovuti, na folda ya skani za nyaraka tangu 2014. Aliyenitangulia alikuwa akinakili /var/www peke yake kwenye diski ya nje, na diski yenyewe ameiweka juu ya seva! Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza, imeji, yaani nakala ya diski nzima kama ilivyo, kila usiku. Ya pili, databesi na nyaraka basi. Ya tatu, databesi, nyaraka na mipangilio, kisha siku ya balaa nasimika Debian upya. Intaneti yetu inapandisha Mbps 10. Mngekuwa nyinyi mngeshika ipi?

baharia_root
Piga hesabu kwanza, kaka. GB 180 kwa Mbps 10 ni kama saa 40, hapo laini haijayumba. Imeji kamili kila usiku kwenda nje ya ofisi, sahau.

MamaSeva
Waleikum salaam mwanangu. Mimi ni wa njia ya tatu, ila "mipangilio" ndilo neno linalowaponza watu. Wanachukua /etc, folda kuu ya mipangilio, wanalala usingizi. Chukua na /root, /home, /opt, /srv, /usr/local, na /var/spool/cron, maana kazi za usiku alizopanga kila mtumiaji zinakaa huko, haziko ndani ya /etc. Acha /proc, /sys, /dev, /run, /tmp na /var/cache. Orodha ya programu ulizosimika itoe kwa amri ya apt-mark showmanual uihifadhi kila siku, ni faili dogo mno.

Databesi usiinakili kama faili huku inaandika. Utapata kurasa za saa nane na kurasa za saa nane na dakika kumi katika nakala moja, na siku ya kurudisha itagoma. MariaDB tumia amri ya mysqldump na --single-transaction kama meza zako ni za aina ya InnoDB, uongeze --routines na --events kwa sababu taratibu na kazi zilizopangwa ndani ya databesi haziji zenyewe. Kwa PostgreSQL, amri yake ya kunakili, pg_dump, haibebi watumiaji wala nywila zao, ongeza pg_dumpall --globals-only. Hili nililijua kwa machozi: data yote imerudi, programu haiwezi kuingia, na bosi amesimama nyuma ya kiti changu anapumua.

fundi_likoni
Mama, kwa heshima, napinga kidogo. Nina seva mbili juu ya Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta moja), na nachukua mashine nzima. Ubao mama ulipokufa nilirudisha kwenye kompyuta nyingine na kufikia adhuhuri watu wanafanya kazi. Sikukumbuka chochote, na raha yake ni hiyo. Njia ya tatu inataka mtu asiyesahau, na mimi ni msahaulifu.

MamaSeva
Hapo sikukatalii, fundi. Lakini yako ni mashine pepe, ya kijana imesimikwa moja kwa moja juu ya chuma. Na mfumo ukiwa umeingiliwa na wezi, imeji inakurudishia na mwizi wako ndani.

baharia_root
Wote wawili mna haki. GitLab, kampuni ya kutunza kodi za programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao alifuta data kwenye seva siyo. Kuja kutazama, pg_dump ilikuwa haitoi kitu: ilikuwa toleo 9.2 na databesi ni 9.6. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani, hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM, yaani picha ya diski nzima, ya kama saa sita nyuma. Kwa hiyo imeji moja kwa wiki kwenye diski ya hapo hapo ofisini, na njia ya tatu kila usiku kwenda nje. Na kila asubuhi tazama ukubwa wa faili la databesi. Likiwa baiti sifuri utalijua kabla ya chai.

salma_nyali
Kuhusu skani: za 2014 hazibadiliki, kwa nini zisafiri kila usiku? Programu za kubekapu kama Restic au Borg hupeleka vipande vipya tu. Mara ya kwanza beba diski kwa mkono, pandisha mahali penye laini nzuri. Zote mbili zinaweza kufunga data kwa nywila, na kwa nyaraka za wateja utaihitaji hiyo, tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Halafu hiyo diski iondoe juu ya seva jamani. Moto, wezi, bomba la ghorofa ya juu, vyote vinachukua viwili kwa pamoja. Na hewa yetu ya chumvi haina huruma, yangu niliifungua viunganishi vimeota kutu.

mtu_wa_changamwe
Si ununue tu diski mbili za RAID, moja iwe kioo cha nyingine, yaishe?

salma_nyali
Ukifuta faili, RAID inalifuta kwenye diski zote mbili sekunde ile ile.

kijana_wa_tudor
Shukran nyote. Nimefuata baharia, na Ijumaa baada ya swala nikajaribu kurudisha kwenye laptopu kuukuu. Ilichukua saa tatu na ushee. Databesi zimesimama, watumiaji wa Postgres wapo (Mama, Mola akuweke). Mawili yalinikwamisha. Ankara zilichapika vijisanduku vitupu: mtangulizi wangu aliweka fonti kwa mkono ndani ya /usr/share/fonts, na huko sikuchukua. Nimeongeza.

La pili naona haya kulisema. Restic iliniuliza nywila, nikaingia kwenye seva kuisoma ndani ya /root. Nikaiandika, nikaendelea, kisha nikashika kichwa: siku ya kweli seva hiyo haitakuwapo! Sasa iko kwenye karatasi mbili, moja kwenye sefu ya bosi, nyingine nyumbani Tudor ndani ya kabati la mama, chini ya leso zake.

fundi_likoni
Mwambie mama asizipeleke leso kwa dobi.